Jua la Vitabuni na Jua la Moshi

Waliokwisha kunisikia wanajua nitaanzia wapi: acheni kupiga filamu ya infraredi, ile inayonasa mwanga uliopita wekundu ambao jicho halioni, saa sita mchana. Mtu ananunua Rollei Infrared kwa bei asiyothubutu kuitaja mbele ya mkewe, anafunga kichujio cha R72, kile kioo cheusi kinachozuia karibu mwanga wote wa kawaida na kuipitisha infraredi, kisha anatoka na jua la utosini kwa sababu kitabu kimesema "jua kali la mchana".

Kitabu hakikukosea. Kimeandikiwa mtu wa London, ambako Desemba jua la saa sita linafika nyuzi 15 tu juu ya upeo wa macho. Hilo kwetu ni jua la saa moja na nusu asubuhi! Hapa Moshi, karibu katikati ya Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba, jua linapita juu ya utosi kabisa, kama saa sita na nusu hivi, maana saa zetu zimepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki na sisi tuko 37. Mpige mtu picha wakati huo, macho yake yanatoka mashimo. Kivuli cha paji la uso kinapata mwanga wa anga, na anga ya buluu ina infraredi kiduchu mno. Ndiyo maana anga yenyewe inatoka nyeusi.

Na Kibo, kilele cha Kilimanjaro, je? Ikifika saa nne, mara nyingi mlima umeshajifunika mawingu. Hapo hakosekani kijana wa kuniambia, "Mzee, si infraredi inapenya?" Inapenya utusitusi, mwanangu. Chembe za utusitusi ni ndogo mno, zinatawanya buluu na kuiacha infraredi ipite. Tone la wingu ni kubwa zaidi ya mara kumi kuliko urefu wa wimbi hilo. Wingu ni wingu. Amka mapema! Saa moja na nusu mpaka saa tatu, ukiutazama mlima kutoka mjini, jua liko mkono wa kulia, makorongo yanaonekana, na upepo bado haujaanza kuchezea migomba. Upepo si jambo dogo: nyuma ya R72 filamu ya ISO 400 (ISO ni wepesi wa filamu kunasa mwanga) mimi naihesabu kama ISO 6 mpaka 12, kwa hiyo shata inakaa wazi muda mrefu. Bila stendi usitoke nyumbani.

Sasa kipima mwanga. Kimetengenezwa kufuata jicho, na jicho halioni infraredi. Asubuhi jua likiwa chini, hewa nene inakula buluu na kijani kuliko infraredi. Kipima kinalia giza, unaongeza stopu mbili, yaani mwanga mara nne, filamu inaungua. Tena chini ya migomba ni hivyo hivyo: kipima kinakwambia kuna giza, kumbe jani linarudisha karibu nusu ya infraredi na sehemu kubwa ya iliyobaki linaipitisha. Kivuli cha ukuta na kivuli cha mgomba si kitu kimoja, hata kama kipima kimetoa namba ileile. Piga fremu tatu: moja kama kinavyosema baada ya kuhesabu kichujio, mbili kwa mwanga pungufu. Mtasema filamu ni ghali. Ghali ni roli nzima iliyoungua.

Jioni? Jioni inafaa vilevile, mlima ukiamua kufunguka. Siku ya mawingu matupu, kaa nyumbani unywe chai.

Naona muda umekwisha, na fokasi sijaigusa. Haraka basi: lenzi za zamani zina alama ndogo nyekundu pembeni ya alama ya fokasi, pata fokasi kwanza bila kichujio, halafu sogeza umbali uje kwenye ile nyekundu. Filamu ipakieni kwenye kamera kivulini, gizani ikiwezekana. Kusafisha filamu tutazungumza siku nyingine. Na ninyi wa Arusha msinitazame hivyo, Meru nayo iko kaskazini mwenu, ikipinda kidogo mashariki. Saa ni zilezile.