Mgeni wa Usiku wa Okidi ya Réunion

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Nimeshika ua la okidi ya dukani ili tuanze na kitu cha kuonekana kwa macho. Hesabuni nami: sepali tatu nyuma, petali tatu mbele. Petali hii ya chini imebadilika umbo. Tunaiita mdomo, na ndiyo jamvi la mgeni. Katikati kuna kinguzo kimoja tu, ambamo sehemu ya kiume na ya kike zimeungana. Sasa napitisha kijiti cha kiberiti chini ya ncha ya kinguzo, taratibu, nakitoa. Tazameni! Vidonge viwili vya manjano vimenasa. Hiyo ndiyo chavua ya okidi. Haipeperuki kama mbelewele za mahindi. Imefungwa kifurushi, ikatiwa gundi. Akiichukua mgeni asiyefaa, mzigo wote umepotea, hakuna akiba.

Kwa hiyo swali la nani anaingia hapa si la mchezo.

Twende kisiwa cha Réunion, mashariki ya Bukini, yaani Madagaska. Huko na Mauritius tu ndiko inakoota okidi iitwayo Angraecum cadetii. Ukoo wake una sifa kubwa: mwaka 1862 mwanasayansi Charles Darwin aliandika kuhusu okidi ya Bukini yenye mrija wa nekta, maji matamu ya ua, wa karibu sentimita 30, akabashiri kuwa yuko nondo mwenye ulimi wa kuufikia. Nondo wenyewe walielezwa mwaka 1903. Lakini mrija wa cadetii ni mfupi, na mlango wake mpana. Nondo wa ulimi mrefu ana haja gani na kisima kifupi? Jamaa zake wawili wa karibu hutembelewa na ndege wadogo mchana. Yeye je?

Watafiti walitega kamera za kuona gizani. Aliyekuja ni nyenje! Ndiyo, nyenje, jamaa wa senene wanaokaangwa Bukoba. Alipanda kwa majani, au aliruka kutoka mmea wa jirani, akachagua maua mabichi zaidi, akazamisha kichwa. Kichwa hicho kinauenea mlango wa mrija kana kwamba vilipimwa pamoja. Hukaa wastani wa sekunde 16.5, mara nyingine hadi 41, muda mrefu mno kwa mgeni wa ua. Akitoka, vidonge vya chavua vimemganda kichwani.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Mimi nimekulia shambani. Panzi na nyenje niliwajua kwa kutafuna miche tu, basi habari hii nimeirudia mara nyingi. Huko La Plaine des Palmistes, kisiwani Réunion, asilimia 46.5 ya maua yalikuwa yamechukuliwa chavua, na 27.1 yamepokea. Ua hili hukubali hata chavua yake lenyewe, ila haliwezi kujifikishia. Asipokuja mgeni, hakuna tunda.

Na nyenje huyo, usiku aliponaswa na kamera, hakuwa hata na jina la kisayansi. Baadaye aliitwa Glomeremus orchidophilus, yaani mpenda okidi.