Saa Nane Usiku, Zizini kwa Mjomba

Shikamooni wazee wangu, hamjambo wenzangu. Mtanisamehe sauti ni ya chini. Nyuma yangu hapa kuna kondoo ameshashikwa na uchungu, sitaki ashtuke.

Leo sipo Wales, kule Uingereza ninakohudumia kondoo. Nipo nyumbani, Magarini, ukishavuka daraja la Sabaki kutoka Malindi mjini, zizini kwa mjomba wangu. Saa nane imepita. Vuli imeshika, jioni kumenyesha, na zizi zima ni tope isipokuwa kona hii tuliyotandika majani makavu.

Kila nikiweka video za kule mnaniuliza swali lile lile: kwani kondoo hazai mwenyewe? Mjomba naye alikuwa akiniuliza hivyo hivyo kwenye simu. Nimeona nilijibu nikiwa hapa, kwa sababu vuli iliyopita mjomba aliamka alfajiri akaokota wanakondoo watatu wamekufa. Hakuna jeraha, hakuna damu. Hajui walikufa saa ngapi wala kwa nini.

Ndiyo, kondoo anazaa mwenyewe. Wengi wao hutawagusa hata kidogo, na kuwagusa bila sababu ni kuwaharibia. Mimi nakesha kwa ajili ya yule mmoja.

Msimu wangu wa kwanza Wales nilipewa zamu ya usiku kucha. Kule wengi huzaa kati ya Februari na Aprili, baridi bado ipo, wamejaa bandani. Kila baada ya saa mbili nazunguka, tochi nimeielekeza chini, polepole, maana wakiamka wote kwa pamoja humjui tena aliyekuwa hatulii. Basi usiku mmoja wa Machi nikaketi kwenye majani nipumzishe mgongo. Usingizi ukanichukua, nikaamka muda wangu umepita kwa saa nzima.

Pembeni mwa banda kulikuwa na kondoo anamlamba mwanawe. Anamlamba mkiani, anaguna ile sauti ndogo ambayo humtolea mtoto tu. Mtoto amekamilika, kwato bado laini, za manjano kama nta. Ila puani ana utando. Mwembamba, kama ule wa ndani ya ganda la yai. Nilipompapasa ubavuni alikuwa bado ana joto. Kilichotakiwa ni kidole kimoja tu kuuondoa ule utando. Mama yake hakuacha kumlamba mpaka kulipokucha, na mimi nilikaa naye hapo hapo.

Ndiyo maana mjomba aliponihadithia wale watatu wake sikuweza kunyamaza.

Sasa mwangalieni huyu. Mjomba aliandika kwa mkaa kwenye ukuta wa jikoni siku aliyomwachia dume, tarehe 20 Juni. Kondoo hubeba mimba siku 147 hivi, kwa hiyo wiki hii tulikuwa tunamtazamia. Tangu jana kiwele kimejaa, na mashimo ya ubavuni karibu na mkia yamebonyea. Jioni wenzake wamekula, yeye kajitenga, anaparapara chini kwa mguu, analala, anainuka, anageuka kutazama nyuma kama aliyeitwa. Ukiona hivyo usiende kulala.

Kinachonitia wasiwasi ni dume lenyewe. Mjomba aliazima dume mkubwa wa aina ya Dorper, na hawa majike ni wale wetu wadogo wa kichwa cheusi. Mtoto anaweza kuwa mzito kuliko njia.

Chupa imepasuka saa nane kasorobo. Hapo ndipo naanza kuhesabu. Akisukuma saa nzima na hakuna kinachoendelea, ndipo msaada unahitajika. Kabla ya hapo mikono yangu naiweka mbali. Kinachotakiwa kutokea ni kwato mbili za mbele na pua imelala juu yake, kama mtu anayepiga mbizi. Ukiona mkia, au kichwa bila miguu, mpigie daktari wa mifugo au mtu mwenye uzoefu. Usivute.

Na glavu vaeni, jamani. Homa ya Bonde la Ufa ya 2006 na 2007 ilifika mpaka huku Pwani, na mtu huipata kwa damu na majimaji ya mnyama mgonjwa, pia kwa mbu. Kondoo wengi wakiharibu mimba kwa mfululizo baada ya mvua kubwa, msiguse, toeni taarifa. Binamu yangu ana mimba ya miezi sita, alitaka kunishikia taa hapa. Nimemrudisha ndani. Amenuna, lakini kuna magonjwa ya kondoo anayezaa yanayoweza kumharibia mimba mwanadamu, na hata Wales mwenye mimba hakanyagi banda la kondoo msimu wa kuzaa.

Subirini... Kwato. Pua ile pale, mnaiona? Twende, mama, twende.

Haya. Ametoka. Utando huo, naufuta puani na mdomoni. Namsugua ubavu kwa majani. Amepiga chafya! Sasa namweka mbele ya pua ya mama yake, kisha narudi nyuma.

Kitovu nakichovya kwenye iodini, tumeinunua duka la dawa za mifugo mjini. Kisha nakamua kila chuchu kidogo, maana kuna kizibo kama nta, na mtoto dhaifu hakiwezi. Dang'a hiyo ya manjano, yaani maziwa ya kwanza, msiimwage kabisa. Mwanakondoo huzaliwa hana kinga, yote anaipata humo, na tumbo lake huipokea saa za mwanzo tu. Mwenye kilo 4 anahitaji mililita 200 hivi ndani ya saa mbili, kama kikombe cha chai. Aliyezaliwa saa tisa usiku, ukamkuta saa mbili asubuhi amelowa na hajanyonya, umechelewa. Nadhani angalau mmoja wa wale watatu wa mjomba alikwenda hivyo, maana usiku ule mvua ilinyesha.

Kule tunaogopa baridi na mbweha. Hapa mjomba ananiambia fisi, lakini zaidi siafu. Mvua ikinyesha wanahama, na mtoto aliyelala chini hana pa kukimbilia. Haya majivu mnayoyaona yamezunguka kona yote kuwazuia siafu ni kazi ya mjomba, na mimi kule sikuwahi kufundishwa.

Mtazameni. Amesimama, ameanguka, amesimama tena. Anatafuta kwenye goti... si hapo, mwanangu, nyuma kidogo. Ameshika. Tazameni mkia unavyotikisika. Hapo ujue maziwa yanashuka.

Mjomba ananigusa bega. Anasema kuna chupa nyingine. Naiweka simu chini nimshikie taa.