Fannie Lou Hamer: Kura, Nyumba na Chakula

Ndugu zangu, leo namzungumzia mwanamke Mweusi wa jimbo la Mississippi, Marekani, aliyefikisha miaka 44 bila kuambiwa na mtu yeyote kwamba ana haki ya kupiga kura.

Fannie Lou Hamer alizaliwa mwaka 1917, kitinda mimba wa watoto 20. Wazazi wake walilima pamba katika ardhi ya Wazungu kwa kugawana mavuno. Mwenye shamba ndiye mwenye ardhi, mwenye nyumba unayolala, na mwenye daftari la madeni yako. Naomba mlikumbuke hilo, maana siasa yake yote ilianzia hapo.

Mwaka 1961 aliingia hospitali kutolewa uvimbe. Daktari akamtoa kizazi bila ridhaa yake. Mwaka uliofuata vijana wa SNCC, kamati ya wanafunzi waliopigania haki za Weusi, wakaitisha mkutano kanisani, Ruleville, na tarehe 31 Agosti alipanda basi na wenzake 17 kwenda Indianola kujiandikisha. Karani akampa kifungu cha katiba ya jimbo akifafanue, mtihani uliowekwa ili Mweusi aanguke. Akaanguka. Jioni ile mwenye shamba akamtaka akafute jina lake, la sivyo aondoke. Akamjibu kwamba hakwenda kujiandikisha kwa ajili yake, alikwenda kwa ajili ya nafsi yake. Miaka 18 ya kazi ikaishia usiku huohuo. Siku chache baadaye nyumba ya marafiki waliompa hifadhi ikapigwa risasi 16.

Desemba akarudi kwa karani yuleyule na kumwambia: utaniona kila baada ya siku 30 mpaka nifaulu. Kazi walishamnyang'anya, nyumba walishamnyang'anya. Wangemtisha kwa kitu gani tena? Januari 1963 akafaulu.

Juni mwaka huo alikamatwa Winona akitoka kwenye mafunzo ya uraia. Katika jela ile askari waliwaamuru wafungwa wawili Weusi wampige kwa rungu, mmoja akichoka mwingine anapokea. Siwezi kupita hapa upesi. Aliumia figo na jicho maisha yake yote, na baraza la wazee wa mahakama, Wazungu watupu, likawaachia huru askari hao.

Ndipo tunafika Atlantic City, Agosti 1964, kwenye mkutano mkuu wa taifa wa chama cha Democratic. Chama cha Democratic cha Mississippi kilikuwa kimeleta wajumbe Weupe peke yao, na Bi. Hamer na wenzake wakaja kudai nafasi hizo. Mbele ya kamera alianza kwa kutaja jina lake na anwani yake, kisha akaeleza Winona kipigo kwa kipigo. Rais Johnson aliitisha waandishi wa habari ghafla ili kumkatiza. Jioni televisheni zikaurusha ushahidi wake nchi nzima. Wakapewa viti viwili. Viongozi wenye majina, wasomi na wachungaji, wakawashauri wapokee. Yeye akasema hawakuja safari yote ile kwa ajili ya viti viwili. Naamini alikuwa sahihi: waliomshauri hawakuwa wamefukuzwa nyumba kwa sababu ya kura.

Desemba hiyo alisimama jukwaa moja na Malcolm X huko Harlem, na vijana wa SNCC wakaimba juu ya Jaramogi Oginga Odinga, waliyekutana naye Atlanta mwaka mmoja kabla.

Sheria ya haki ya kupiga kura ilipitishwa mwaka 1965, lakini njaa ilibaki mikononi mwa wenye mashamba. Kwa hiyo mwaka 1969 Bi. Hamer akaanzisha shamba la ushirika katika kaunti ya Sunflower. Walilima mboga, na familia maskini zilipewa nguruwe jike mwenye mimba, zikabaki na watoto wake kwa chakula na biashara. Kwangu mimi hii ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote, kwa sababu ilimgusa mwenye shamba pale penye nguvu zake. Ukosefu wa fedha uliliua shamba lile katikati ya miaka ya 1970. Yeye alifariki tarehe 14 Machi 1977, akiwa na miaka 59.