Jiko la dola 40 nani alilipie?

Ndugu mwenyekiti, wageni waalikwa, wanafunzi wetu, asanteni kwa nafasi hii. Nimeombwa nizungumzie utafiti wa sasa katika uchumi wa mazingira na maliasili. Mada hiyo haitoshi kwa jioni moja, kwa hiyo nimechagua kitu kimoja tu: jiko la mkaa.

Mwaka 2022 jarida la American Economic Review lilichapisha utafiti wa Susanna Berkouwer na Joshua Dean, uliofanyika Nairobi kwa kaya 1,000 hivi. Jiko lenyewe wengi mnalijua, ni Jikokoa, lile linalotumia mkaa kidogo, na wakati ule liliuzwa kama dola 40. Aliyelipata alipunguza pesa ya mkaa kwa asilimia 39. Kwa miaka miwili, ambayo ndiyo uhai wa jiko uliokadiriwa, anaokoa dola 237. Hiyo ni karibu dola 10 kwa mwezi, maana yake baada ya miezi 4 hivi bei ya jiko imesharudi. Nitajieni hati fungani inayolipa hivyo.

Sasa watu wa kaya hizo wakaulizwa: wewe utalinunua kwa bei gani? Swali hili ukiliuliza kwa mdomo tu unajibiwa kwa adabu, si kwa ukweli. Kwa hiyo kila mmoja alitaja bei yake ya mwisho, kisha ikafunuliwa bei iliyopatikana kwa bahati nasibu. Ikiwa haizidi uliyotaja, unalipa hiyo iliyofunuliwa na kuondoka na jiko, ikizidi, huuziwi. Kudanganya hakukusaidii kitu. Wastani ulikuwa dola 12. Pesa ambayo jiko linairudisha kwa wiki 5 hivi!

Hapo wengi wetu hukimbilia jibu la siku zote: wananchi hawana elimu, wapewe semina. (Semina tunazipenda sana sisi, zina chai na posho.) Watafiti walilijaribu hilo. Baadhi ya kaya zilipigishwa hesabu ya pesa zitakazookoa, mwezi kwa mwezi. Bei waliyokuwa tayari kulipa haikupanda. Wengine wakaruhusiwa kulipa kwa mkopo mfupi, kidogo kidogo. Bei ikapanda zaidi ya mara mbili.

Tukae hapa kidogo. Mama anayenunua mkaa wa kopo asubuhi na kopo lingine jioni anajua fika kwamba gunia ni nafuu. Anajua kuliko mimi. Asichokuwa nacho ni pesa ya mkupuo, na hata akiipata leo, kodi ya chumba inaisubiri, ada inaisubiri, na mtoto ana homa. Kopo linaendana na kipato cha siku. Jiko likiuzwa kwa mwendo huo huo wa marejesho madogo, analitaka. Lakini nisinukuliwe vibaya: sizungumzii mikopo ya kausha damu, ambayo ingekula akiba yote ya mkaa na kumwachia deni.

Kuna hesabu nyingine. Utafiti huo ulikadiria kwamba hewa ukaa inayoepukwa na jiko moja ina thamani ya dola 295. Kwa hiyo dunia inanufaika kuliko hata mwenye jiko, na dunia haijachangia senti. Ndiyo sababu ruzuku hapa si sadaka. Ni malipo ya faida iliyopokelewa.

Biashara ya kaboni ilidai kuja kulipa pengo hilo: kampuni inauza jiko kwa bei ya chini, halafu hewa ukaa iliyoepukwa inaandikiwa vyeti, navyo vinauzwa nje kwa wanaotaka kufidia uchafuzi wao. Wazo ni zuri, vipimo ndivyo vibovu. Mwaka 2024 Annelise Gill-Wiehl na wenzake walionyesha katika Nature Sustainability kwamba miradi ya majiko waliyoichunguza ilitoa vyeti mara 9.2 zaidi ya inavyostahili. Ilihesabu kwamba jiko jipya linatumika kila siku, wakati mafiga bado yanawaka uani. Ilidhani pia kwamba kuni nyingi zinazochomwa hazioti tena, hata pale msitu unapojirudishia.

Njia ya kuhesabu vyeti iliyofanya vizuri zaidi ilikuwa ya majiko yenye mita, yaani kifaa kinachopima matumizi, ingawa nayo ilizidisha mara 1.5. Mita hiyo inanivutia kwa sababu nyingine. Tanzania imelenga asilimia 80 ya wananchi watumie nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Mitungi ya gesi imegawiwa, lakini kuijaza tena kunadai pesa ya mkupuo, yaani tumerudi palepale pa dola 40. Mtungi wenye mita unamruhusu mama kununua gesi ya leo kwa pesa ya leo, na papo hapo unaandika kiasi alichopikia. Kifaa kimoja kinatatua tatizo lake la fedha na tatizo letu la ushahidi.

Kinachobaki ni mkataba. Katika miradi mingi, mnunuzi wa jiko la bei nafuu huikabidhi kampuni haki ya vyeti, mara nyingi bila kuambiwa vinauzwa kiasi gani. Wanasheria mliopo hapa, ningependa kuwasikia ninyi kwanza kabla hatujafungua maswali kwa wengine.