Mshono Unakula Kitambaa

Nasikia mtu huko nyuma anacheka: "Kaja tena na inchi zake." Ndiyo, nimekuja nazo, mafundi wenzangu, ni za kupimia tandiko la viraka, na leo hatoki mtu humu ndani kabla hatujaelewana.

Chukueni kitanda cha futi tano kwa sita, ambacho nusu ya Mtwara inakilalia. Inchi 60 kwa 72. Fundi akisikia tano kwa sita, anakata vipande vya inchi 12, vitano kwa sita, thelathini, anaunganisha, anampelekea mteja tandiko lake la viraka. Linakaa juu ya godoro kama kofia ya mtoto kichwani kwa babu. Ubavu wa godoro uko nje, ubao uko nje, na mteja ni mstaarabu tu, hasemi kitu. Ila harudi.

Kitanda si uso wa godoro peke yake. Godoro la inchi 8 lina ubavu wa inchi 8. Ongeza 4 za kuficha ubao, unapata 12 za kuning'inia. Upana: 60, na 12 kulia, na 12 kushoto, ni 84. Urefu: unaongeza miguuni tu, 72 na 12, ni 84 tena. Gawa kwa 12. Saba kwa saba, vipande 49.

Sasa hapa ndipo ninapogombana na watu. Kipande ulichokikata inchi 12, ukishakishona si inchi 12! Mshono wa robo inchi kila upande unakula nusu inchi. Vipande saba, inchi tatu na nusu zimeliwa. Na ninyi wa magauni mmezoea mshono wa nusu inchi: kila kipande kinabaki 11, saba mara 11 ni 77. Inchi saba zimekwenda wapi? Ziko ndani ya mishono, zimelala. Basi kata 12 na nusu kwa mshono wa robo, au 13 kwa mshono wa nusu, na usichanganye.

Mtaniambia bibi zetu walishona kwa macho. Sawa. Bibi alikuwa na gunia la vitambaa chakavu, akaongeza kiraka mpaka kitanda kikafunikika. Wewe umeletewa kitenge kimepimwa, mtu kauza korosho zake kakinunua. Utamrudia umwambie "mama, kimepungua"?

Na hesabu inalipa. Tuseme rangi mbili zinapishana: 25 za hii, 24 za ile. Kitenge cha yadi 3 ni inchi 108, upana tuseme 45. Ukikata 12 na nusu, vipande vitatu kwa safu, safu nane, 24. Cha 25 kiko wapi? Pembeni umebaki ukanda wa inchi 7 na nusu. Kata humo viwili vya 6 na nusu kwa 12 na nusu, viunganishe kwa robo inchi: kipande kizima. Aliyekata 13 kabakiwa na ukanda wa inchi 6, naye anahitaji 7. Huyo aende dukani.

Muda unaniishia. Loweka kitambaa kabla ya kukata, pamba inarudi na rangi inachuja. Kanga: pindo litakufaa kuzungushia tandiko, lakini jina usilipasue katikati, mtu asilale na nusu ya methali. Wa Newala, kwenu usiku kuna baridi, mkijaza pamba ndani na kupiga mishono juu, tandiko linajikusanya, ongezeni inchi chache. Sisi wa huku chini bitana nyepesi inatosha. Na msirefushe mpaka sakafuni, chandarua kitachomekwa wapi?

Haya, nani ana kitanda cha sita kwa sita? Godoro inchi ngapi? Nane? Simama, dada yangu, tuhesabie kwa sauti.