Jarida Lililofunguliwa Mara Nne

ZAITUNI: Karibuni tena, tuko Kampala na mvua inanyesha. Mkisikia mabati, msidhani tunapigiwa makofi. Kaka Juma, mkutubi wa chuo, lile jarida la tiba ulilolikata msililipie tena linakuuma bado?

JUMA: Linaniuma, dada. Jina la maktaba yetu silitaji. Ujue mwaka wetu wa fedha unaanza Julai, ila majarida ya tiba mengi yanalipiwa Januari hadi Desemba. Ankara inakuja kwa dola, bajeti ilishapitishwa kwa shilingi. Dola ikipanda, utakata tu.

ZAITUNI: Unakata kwa kuangalia nini?

JUMA: Ripoti ya matumizi. Bei unaigawanya kwa idadi ya makala zilizofunguliwa. Jarida moja la upasuaji lilifunguliwa mara nne mwaka mzima. Nne! Nikalipiga mstari mwekundu.

ZAITUNI: Hata mimi ningelipiga.

JUMA: Ngoja basi. Wiki mbili baadaye anaingia daktari mwanafunzi, macho mekundu, katoka zamu ya usiku. Ananiwekea simu mezani: kundi la WhatsApp, makala za jarida lile lile, moja baada ya nyingine. Wanamwomba mwenzao aliye Uingereza awatumie!

ZAITUNI: Na ninyi mmelipia?

JUMA: Tumelipia anwani za IP za chuo tu, yaani namba zinazotambulisha mtandao wetu. Akiwa chuoni, linafunguka. Akifika kwake Ntinda na bando lake la simu, mchapishaji hamjui, anamwambia alipe. Na kwenye ripoti yangu hayumo, maana hakutambuliwa kuwa mtu wetu.

ZAITUNI: Kumbe zile nne...

JUMA: Ni wale waliowahi kompyuta zetu kabla ya saa kumi na moja jioni. Kompyuta nane, mbili mbovu.

ZAITUNI: Lakini si kuna Hinari, ule mpango wa kusoma majarida bure mtandaoni?

JUMA: Ipo, ya Shirika la Afya Duniani na wachapishaji, tangu 2002. Uganda tumo kundi A, hatulipi kitu. Imetubeba sana, nisiwe mtovu wa shukrani. Ila mchapishaji ndiye anayeamua nchi gani ipate nini. Januari 2011 wenzetu wa Bangladesh waliamka wakakuta majarida ya wachapishaji wakubwa yamefungwa. Yalirudishwa baada ya kelele.

ZAITUNI: Nguo ya kuazima...

JUMA: Malizia mwenyewe, mimi mtu mzima.

ZAITUNI: (anacheka) Haya, ukafanyaje?

JUMA: Nikamsumbua fundi wetu wa mtandao mpaka akaweka proksi. Unaingia kwa namba yako ya chuo, hata ukiwa kitandani, na mchapishaji anaona uko kwetu. Jarida tukalirudisha Januari. Kufikia Pasaka lilishapita zile nne, mbali kabisa.

ZAITUNI: Na daktari wako?

JUMA: Alirudi.

ZAITUNI: Kushukuru?

JUMA: Kulalamika. Seva ya proksi tumeiweka chini ya ngazi, haina jenereta. Umeme ukikatika, naye anakatika.