Ukungu wa San Andreas

Karibuni. Wale wa nyuma sogeeni mbele, viti vipo. Na kijana aliyenisaidia kupandisha hii TV ya chogo ngazini, ahsante sana mdogo wangu, najua ina uzito wa gunia la mahindi. Tutaiwasha mwishoni.

Tazameni ukutani. Picha mbili, gemu moja: Grand Theft Auto: San Andreas, tukiwa ndani ya ndege juu ya mashamba. Kushoto ni PlayStation 2, mwaka 2004. Kulia ni toleo lililosafishwa la Novemba 2021. Nani anaona ya kulia ni nzuri zaidi? Mikono mingi, sawa. Miti ina majani, barabara ina mistari iliyonyooka, na upeo wa macho uko wazi kabisa. Hebu tazameni huo upeo. Ile pale Los Santos. Na kule Las Venturas, mji wa kamari, ambao kwenye hadithi mtu anafika baada ya kuhangaika wiki nzima. Yote inaonekana kwa mpigo mmoja, kama keki mezani.

Ramani nzima ya San Andreas ni kama kilomita 6 kwa 6. Upande mmoja haufiki hata Posta mpaka Manzese, hapa Dar. Ndani ya hapo wamebana miji mitatu, jangwa, msitu na mlima. Sisi tuliocheza zamani tungeapa kuwa ile ni nchi. Nani alitudanganya? Ukungu.

PS2 ilikuwa na kumbukumbu ya megabaiti 32. Picha moja ya simu ya megapikseli 12, ikishafunguliwa, inazidi hapo. Mashine haikuwa na pa kuiweka nchi nzima, kwa hiyo ilisoma kwenye sahani kilichoko mbele yako na kukisahau ulichokiacha nyuma. Kisichokuwa tayari kilifichwa na ukungu. Lilikuwa pazia, basi, shida tupu ya ufundi. Lakini wachoraji wakalitia pazia rangi. Los Santos imeigwa kutoka Los Angeles, na kwenye PS2 jioni yake ina ule wekundu wa machungwa, moshi na vumbi na jua kali, mpaka unahisi joto. Waliosafisha walipoliondoa pazia hawakufungua dirisha. Waliangusha ukuta, tukaona uwanja ni mdogo.

Na mvua, jamani! Mvua ya toleo la 2021 ilitoka kama nyuzi nyeupe zilizoning'inizwa mbele ya macho, huoni hata barabara. Lakini mimi kilichonikaa rohoni ni kitu kidogo zaidi. Ngoja niikuze hii picha. Hapa ni duka la donati, Tuff Nut Donuts. Jina linacheza na neno la Kiingereza la nati, ndiyo maana kwenye bango kuna nati kubwa. Ya zamani ina pembe zake sita, nati kama nati nyingine yoyote. Kwenye toleo jipya imelainishwa mpaka ikawa duara, utadhani tairi. Aliyelainisha, awe mtu au programu, aliona pembe akadhani ni umaskini wa mashine ya zamani. Fundi yeyote wa mtaa wa Gerezani, Dar, angemuuliza: nati isiyo na pembe, spana itashika wapi?

Rockstar, wenye gemu hili, waliomba radhi mwezi ule ule, na matoleo ya zamani ya kompyuta yakarudishwa sokoni. Novemba 2024, miaka mitatu baadaye, likaja sasisho lenye chaguo la mwanga wa zamani. Yaani mtu ananunua kitu kilichosafishwa, halafu furaha yake ni kubonyeza pale panaporudisha vumbi.

Kabla hamjanishika vibaya: sisemi cha kale ni dhahabu kila mara. Gemu ya Shadow of the Colossus ya 2005 ilikuwa inaielemea PS2, ikikwama-kwama kila jitu linapoinuka. Kampuni ya Bluepoint iliisafisha mwaka 2011 kwa ajili ya PS3, michoro ikabaki ile ile ila kwa uwazi zaidi na mwendo laini. Mwaka 2018 kampuni hiyo hiyo ikaichora upya yote kwa PS4, kila jiwe, kila unyoya wa lile jitu, wakati uchezaji umebaki ule wa zamani. Hizo ni kazi mbili tofauti kabisa. Kupiga deki nyumba si sawa na kuijenga upya juu ya msingi ule ule, na watu wengi wanaolinganisha picha wanazichanganya.

Gemu ya Halo ya 2001 iliposafishwa mwaka 2011, waliweka kitufe kimoja: bonyeza, picha mpya, bonyeza tena, ya zamani, hapo hapo ulipo. Kwa mwanafunzi wa picha ni zawadi hiyo. Nendeni kwenye ile hatua ya kinamasi na vyumba vya giza, mkibonyeze. Upande wa zamani unanyata, huoni kona. Upande mpya kuna taa nzuri kila mahali, na woga umekwenda zake. Halafu injini iliyoko chini, yaani programu inayoendesha gemu, ni ile ile ya zamani, imevalishwa ngozi tu, kwa hiyo kuna mahali jiwe unaloliona na jiwe linalozuia risasi si moja.

Sasa tuje kwenye hili chogo. Mnakumbuka waya wenye vichwa vitatu, njano, nyekundu, nyeupe? Picha ilipita kwenye ule wa njano, na ulikuwa waya mchafu. Waliochora gemu ya Sonic ya Mega Drive, mashine ya kampuni ya Sega, mwaka 1991 walijua hivyo. Mashine ile haikuwa na namna rahisi ya kuchora maji unayoweza kuona nyuma yake. Wakachora maporomoko kwa mistari ya wima, mmoja una rangi, mmoja mtupu. Waya wa njano ukashindwa kuitenganisha, rangi zikamwagikiana, na kwenye kioo cha chogo yakatokea maji ya kweli, yanapitisha mwanga. Peleka picha ile ile kwenye skrini bapa ya leo, safi, kila pikseli mahali pake, utaona pazia la mianzi. Mchoro ulikamilikia ndani ya TV.

Na TV zenyewe zilikuwa na mambo yake. Kibanda cha gemu nilichokulia Tanga kilikuwa na spika kubwa iliyobanwa na TV upande wa kulia. Sumaku ya spika ikalipaka doa la kijani pembe ile. Tulikuwa tunalipia kwa dakika, nani angethubutu kumwambia mwenye kibanda asogeze spika? Kwa hiyo San Andreas yangu mimi ina anga la kijani upande wa kulia, na hakuna kampuni itakayonirudishia hilo.

Kwa kazi yenu ya wiki hii, picha zilizosimama sizitaki. Nileteeni gemu likitembea, saa ile ile ya ndani ya gemu, kona ile ile, kwenye kioo kilekile na kwenye kingine. Kabla ya kuandika kwamba kitu fulani ni kibaya, niandikieni kilikuwa kinaficha nini.

Haya. Zimeni hizo taa za mbele. Waya wa njano anao nani?